Sumaku Chini ya Daraja la Maridhiano

Haya ninayoyasimulia yalitokea katika nchi moja iliyo mbali nasi, mbali mno, na msomaji atakayeiona karibu ajue ni macho yake tu. Jina la nchi hiyo sitalitaja kwa sababu wakati naandika lilikuwa bungeni likifanyiwa marekebisho. Ilikuwa na vyama viwili: Chama cha Kinu kilichotawala, na Chama cha Mchi kilichopinga. Wananchi wake walikuwa watu wema na wapenda amani, na hawakupigana ila kwenye harusi, misiba, mechi na foleni za maji.

Mji mkuu ulikatwa katikati na mto. Soko na ikulu vilikuwa ng'ambo moja, hospitali na shule kubwa ng'ambo ya pili, na kilichowaunganisha watu ni daraja moja tu, lililoitwa Daraja la Maridhiano. Mtu alizaliwa upande mmoja na kununuliwa nepi upande wa pili.

Zuberi Mkangaza alikuwa Msemaji Mkuu wa Wizara ya Utulivu. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, mwenye sauti ya kubembeleza. Sukari ilipotoweka madukani, alitangaza redioni kwamba sukari haijatoweka, imekwenda kupimwa afya. Umeme ulipokatika mji mzima, alieleza kuwa serikali inawapumzisha wananchi macho. Waziri mmoja alipokamatwa uwanja wa ndege na masanduku yasiyofunguka, Zuberi alisema mheshimiwa alikuwa anaujaribu ulinzi wa nchi, na ameuona ni imara. Hakuna aliyemwamini na hakuna aliyemchukia. Watu walimsikiliza kama wanavyoisikiliza mvua juu ya bati, kujua tu kama imezidi au imepungua.

Basi siku moja, Zuberi akiwa ofisini kwa Waziri, aliingia mwanamke aliyevaa buti zenye tope. Alikuwa Injinia Tunu Kibena, mkaguzi wa madaraja, kazi ambayo Wizara ilikuwa imesahau kwamba ipo.

"Nguzo ya katikati ya Daraja la Maridhiano imeoza," alisema. "Maji yameila kwa chini. Chuma kimekuwa kama biskuti iliyochovywa kwenye chai."

Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Profesa Daktari Gao Mpanduji, aliweka kikombe chake chini taratibu. "Nani kafanya hivyo?"

"Hakuna mtu, Mheshimiwa. Halijafanyiwa matengenezo tangu lizinduliwe."

"Injinia, nakuuliza tena kwa heshima. Nani?"

"Hakuna. Tumesahau tu."

Neno hilo lilileta baridi chumbani. Katika Wizara ile watu walihujumiwa, waliingiliwa, walisalitiwa na walicheleweshewa fungu, lakini hakuna aliyewahi kusahau. Waziri alimgeukia Zuberi. "Andika kwamba daraja ni imara na linaendelea kuimarika."

Zuberi alishika kalamu. Injinia Tunu hakusogea. "Mheshimiwa anaishi ng'ambo gani?" aliuliza.

Waziri alifikiri. Alikuwa anaishi ng'ambo ya pili, na gari lake lilipita juu ya ile biskuti asubuhi na jioni, lote na uzito wake, na uzito wake yeye, na walinzi.

"Futa," alisema. "Waambie wananchi ukweli."

"Upi, Mheshimiwa?" aliuliza Zuberi.

"Ule wenyewe."

Wizara haikuwa na utaratibu wa jambo hilo. Iliundwa Kamati ya Muda ya Kusema Ukweli, ikakutana hotelini, ikagawanyika juu ya suala la kama ukweli utolewe wote kwa pamoja au kwa awamu, ikala mchana, ikashauri utolewe kwa kiasi. Zuberi hakusubiri ripoti. Alikwenda redioni akasema: "Ndugu wananchi, daraja limeoza. Linaweza kuanguka wakati wowote. Tafadhali msipite." Akazima kipaza sauti.

Lilikuwa tangazo fupi kuliko yote katika historia ya nchi, na hapo ndipo alipokosea.

Asubuhi iliyofuata daraja lilijaa kuliko siku ya sikukuu. Hata wasio na safari walipita ili wajionee kinachofichwa. Vizuizi vya polisi vilikuwa vimekwishageuzwa viti, na polisi wenyewe walikuwa wameinama kwenye ukingo wakichungulia.

Zuberi alikwenda kwa shangazi yake, Bi Havijawa, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Bi Havijawa alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa Chama cha Kinu na mpika vitumbua, na kila siku alivuka daraja na ndoo yake kwenda kuviuza mlangoni pa hospitali. Alimkuta akipepea moto.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nilikusikia redioni. Wamekufanya nini?"

"Hawajanifanya kitu. Nimesema kweli. Nakuomba usipite pale."

Shangazi alimwangalia kwa huruma. "Serikali yetu haiwezi kuacha daraja lioze, Zuberi. Kama limeoza, basi limeozeshwa. Na aliyeliozesha anataka tuogope kupita. Kwa hiyo mimi nitapita."

"Shangazi, nguzo huoza. Hata meno huoza."

"Meno yangu hayakuoza yenyewe, yalioza kwa ile sukari yenu iliyopimwa afya." Akageuza kitumbua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama: "Unamkumbuka Hamza?"

Hamza alikuwa mwanawe wa pekee, aliyekufa katika ajali ya lori akienda kwenye mkutano wa Kinu. Zuberi alimkumbuka vizuri. Walilala kitanda kimoja utotoni.

"Polisi walikuja hapa na maneno yao. Wakasema dereva alisinzia. Nikawaambia tokeni nyumbani kwangu. Mtoto nimembeba, nimemnyonyesha, nimemsomesha kwa vitumbua hivi, halafu afe kwa sababu mtu alisinzia? Kusinzia ni kitu cha kumuua mwanangu? Hapana. Mchi walilegeza nati za gurudumu, kwa sababu walimwogopa. Hapo angalau najua kafa kwa kuwa alikuwa mtu."

Zuberi alipokea kitumbua. Alikila chote, akaaga.

Kutoka hapo alikwenda kwa shemeji yake, Mwalimu Dihenga, mume wa dada yake. Huyu alikuwa katibu wa Mchi katika mtaa na alifundisha kemia katika ile shule ya ng'ambo. Mwalimu alikuwa amevaa viatu tayari kwa safari.

"Shemeji," alisema Mwalimu, "serikali hii inajua kila kitu. Inajua jana nimekula nini. Inajua nani alinong'ona nini kwa kinyozi. Halafu unaniambia haikujua kwamba nguzo imeoza?"

"Haikujua."

"Basi wewe unaitukana serikali kuliko mimi."

"Shemeji, mimi niko ndani. Nakwambia mle hakuna mtu anayejua kitu. Kuna watu wanatafuta miwani yao."

Mwalimu alitabasamu kwa uchungu. "Mwaka ule wa unga wa msaada nilisema ndani yake mna unga wa mbao. Nani alisimama redioni akasema ni nyuzinyuzi za asili?"

"Mimi."

"Nani alisema Mwalimu Dihenga anahitaji mapumziko ya akili?"

"Mimi, shemeji. Nilikuomba radhi."

"Niliwekwa wodini na watu wanaoongea na kuta. Nikaanza kujiuliza kama kweli nina wazimu. Kisha ukuta wa ghala ukabomoka, magunia ya unga wa mbao yakamwagika barabarani mbele ya watu wote. Tangu siku ile, ukisema kitu hakipo, mimi natafuta kilipo."

"Na nikisema kipo?"

"Natafuta unachoficha nyuma yake." Akachukua mkoba wake akaenda kuvuka.

Mambo yalizidi kuharibika. Chama cha Kinu kilitangaza Maandamano Makubwa ya Kuthibitisha Uimara, yatakayovuka daraja siku ya Jumamosi kwa ngoma, matarumbeta na gwaride la vijana. Chama cha Mchi nacho kikatangaza Maandamano Makubwa ya Kufichua Siri, Jumamosi hiyohiyo, kutoka ng'ambo ya pili. Vingekutana katikati, juu ya nguzo yenyewe. Mkuu wa Polisi alivipa vyote viwili kibali. Aliposihiwa na Zuberi avizuie, alijibu kwamba yeye ni mtaalamu wa usalama na haendeshwi na redio.

Injinia Tunu alimpeleka Zuberi chini ya daraja akajionee. Baiskeli moja ilipita juu yao, na vumbi jekundu likawamwagikia mabegani. Zuberi aliweka kiganja kwenye nguzo. Ilikuwa inatetemeka, polepole, kama mgonjwa wa homa.

"Jumamosi watakuwa maelfu," alisema Injinia. "Mimi nimekwisha sema. Nimechora, nimepiga picha, nimewaleta wakubwa wa vyama vyote hapa hapa uliposimama. Wa Kinu aliniuliza nimetumwa na nani. Wa Mchi akaniuliza nimetumwa na nani."

Zuberi hakuweza tena kukaa. Ofisini alisimama, nyumbani alizunguka meza, akienda dirishani na kurudi. Mkewe alimwekea chakula akakila akitembea. Aliwaona kichwani mwake Shangazi kutoka huku na Mwalimu kutoka kule, wote wawili wakikanyaga kwa nguvu ili kuthibitisha. Aliwaza kwamba maisha yake yote amesema uongo na hakumuua mtu kwa mkono wake, na sasa kasema kweli mara moja, na ule ukweli umewaita watu wote darajani.

Ijumaa asubuhi alirudi kwa Bi Havijawa. Safari hii hakuamkia kwa sauti. Aliingia, akafunga mlango, akachungulia dirishani kushoto na kulia.

"Shangazi, kuna jambo nimekatazwa kulisema."

Bi Havijawa aliweka mwiko chini. Macho yake yaling'aa kama ya msichana. "Nilijua."

"Daraja ni zima. Halina ugonjwa wowote. Ila chini yake Mchi wametega sumaku waliyopewa na mabeberu. Anayepita juu, sumaku humvuta kupitia nyayo na kumtoa mapenzi ya nchi. Hahisi kitu. Anafika ng'ambo akiwa Mchi."

"Ndiyo maana mtoto wa Bi Siwema alibadilika," alisema shangazi taratibu. "Anapita pale kila siku."

"Usimwambie mtu."

"Mimi? Nimwambie nani?" Alikuwa tayari anajifunga kanga ya kutokea.

Kwa Mwalimu Dihenga hakuhitaji hata kubuni upya. Sumaku ilikuwa ileile. Alibadilisha mwenye nayo. Serikali ndiyo iliyoitega, na kazi yake ni kusoma kura ya mtu kupitia nyayo miezi kadhaa kabla hajaipiga. Mwalimu alisikiliza akiwa ameshika kidevu.

"Kisayansi inawezekana," alisema. "Damu ina chuma." Kisha akamshika shemeji yake mkono kwa nguvu. "Ahsante. Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza umeniambia ukweli."

Zuberi alitoka pale akiwa na aibu ambayo hakuwahi kuihisi alipokuwa analipwa kwa kazi hiyo.

Kabla jua halijazama mji mzima ulikuwa na sumaku. Wenye saa walisema zimesimama walipokaribia mto. Fundi viatu mmoja alianza kuuza ndara za raba zenye soli mbili, akaishiwa. Mganga na daktari walikubaliana kwa mara ya kwanza, kwamba ni vyema kupaka nyayo mafuta ya nazi. Daraja likawa tupu. Mbwa aliyezoea kulala pale katikati alionekana ghafla mpweke, akaondoka mwenyewe.

Jumamosi makundi mawili yalifika, hili huku na lile kule, yakasimama mwanzo wa daraja. Hakuna aliyeweka unyayo. Walitazamana kuvuka mto, ngoma zikilia upande mmoja na vuvuzela upande wa pili, kila kundi likilidhihaki jingine kuwa lina woga na likiwa na sababu zake nzuri za kutosogea. Bi Havijawa alikuwa mstari wa mbele na bendera. Mwalimu Dihenga, aliyeogopa kuvuka kwenda kwa wenzake, alikuwa pembeni upande huuhuu na bango.

Waziri Mpanduji alipanda jukwaani. Alikuwa amehamia hotelini upande wa ikulu. "Wananchi wenzangu," alisema, "wenye husuda wanasema nchi hii imeoza. Mimi nawauliza, uozo uko wapi? Litazameni daraja hili. Limesimama. Linasimama. Litasi..."

Kwanza lilisikika kama mtu mkubwa anayeguna. Kisha katikati ya daraja pakazama, polepole, kwa adabu, na pande mbili zikafuata. Maji yalipanda juu yakawalowesha waheshimiwa. Halafu hakukuwa na kitu ila mto.

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyejeruhiwa, isipokuwa mpiga tarumbeta mmoja aliyemeza ncha ya tarumbeta lake. Zuberi alikaa chini kwenye mchanga akalia, na Injinia Tunu akamwekea mkono begani, nao wakawa ndio watu wawili pekee waliokuwa na furaha katika mji ule.

Maana wengine wote walikuwa na hasira. Kundi la Kinu lilipiga kelele kwamba sumaku ya Mchi imelivuta daraja. Kundi la Mchi lilipiga kelele kwamba serikali imelilipua ili kuificha sumaku. Wangepigana pale pale, lakini hapakuwa na pa kuvukia.

Serikali iliunda tume. Tume ilitoa ripoti kwamba sumaku haikupatikana, jambo ambalo kila upande uliliona kuwa ushahidi wa mwisho. Zuberi alipewa nishani ya kudumisha utulivu. Ilikuwa nzito, naye kila alipoivaa alijiona mwizi. Siku moja hakustahimili tena, akaenda redioni akasema yote: nguzo ilioza, sumaku aliibuni yeye nyumbani kwake, akizunguka meza na sahani ya wali. Jioni majirani walimletea mkewe maharage na mkaa, kwa pole, wakisema wamemsikia Bwana Zuberi na wametambua kwa sauti yake kwamba ameshikiwa bunduki.

Daraja jipya halikujengwa, kwani hakuna aliyetaka kukanyaga mahali pale. Injinia Tunu alipata pantoni ya zamani, akaifunga kamba ng'ambo mbili, akaiendesha mwenyewe. Ilikwenda na kurudi tupu. Sumaku, watu walisema, sasa iko majini, na maji hupitisha nguvu yake zaidi.

Ndipo Bi Havijawa alipougua tumbo. Alijikunja mkekani, jasho likimtoka, na upande wa kulia wa tumbo ukiwa mgumu kama ubao. Zuberi na Mwalimu Dihenga walimbeba kwenye kitanda cha kamba hadi mtoni, kwa kuwa hospitali ilikuwa kule, inaonekana kabisa, na hata watu wanaoanika mashuka yake waliweza kuhesabika. Injinia Tunu alisogeza pantoni.

"Nirudisheni," alisema Bi Havijawa. "Sikanyagi hapo. Nitakufa nikiwa Kinu."

"Nami sipandi," alisema Mwalimu, akiweka kitanda chini. "Nampenda shangazi kama mama yangu, lakini kura yangu ni kitu pekee nilichobaki nacho."

Zuberi alipiga magoti kwenye tope. "Shangazi, hakuna sumaku. Niliitunga mimi. Niliogopa utakufa darajani. Niangalie usoni."

Bi Havijawa alimwangalia usoni, akainua mkono, akampapasa shavu. "Maskini mwanangu," alisema. "Wamekutisha sana."

Maumivu yakamkata tena, akauma kona ya kanga yake. Zuberi aliitazama ile hospitali. Alimtazama Injinia Tunu, aliyemwita mwongo mbele ya watu siku alipokiri redioni kwamba sumaku aliitunga, na hakuwahi kumsamehe kabisa. Injinia aliangalia pembeni, kisha akaitikia kwa kichwa polepole, kumwambia aendelee.

Akainama sikioni mwa shangazi. "Sikiliza. Sumaku walishaitoa. Mchi wanaeneza habari kwamba bado ipo ili watu wa Kinu wafe majumbani bila matibabu, nao Mchi washinde uchaguzi. Kila mwana Kinu anayekufa upande huu ni kura yao."

Bi Havijawa alifumbua macho. "Mashetani," alisema. "Nipandisheni."

Zuberi akamgeukia Mwalimu, akamvuta kando. "Serikali ndiyo iliyoitoa. Inataka muendelee kuogopa, ili walimu wa Mchi wasifike shuleni na nafasi zao wapewe wa Kinu."

Mwalimu alivuta pumzi ndefu. "Nilianza kuhisi," alisema, akashika upande wake wa kitanda.

Pantoni iliondoka. Bi Havijawa alilala katikati, na Mwalimu Dihenga akakaa sakafuni karibu naye akimpepea kwa gazeti la Mchi. Tumbo lilipombana, alimshika Mwalimu mkono akaung'ang'ania, na Mwalimu hakuuondoa. Walisemezana kwa sauti ya chini, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kwa kutojua kinachoendelea. Ng'ambo manesi walikuwa wamekwisha waona na walikuwa wakiteremka na machela. Wangewahi. Injinia Tunu alivuta kamba.

Walipofika katikati, palipokuwa na ile nguzo, kitu kilikwaruza chini ya pantoni. Chuma kwa chuma. Pantoni ilisita kidogo, ikavutwa upande mmoja, kisha ikaachiwa.

Zuberi aliyatazama maji. Yalikuwa ya rangi ya kahawia na hayakuonyesha kitu. Alingoja. Hakuhisi lolote. Kisha akakumbuka kwamba mtu hahisi.

Injinia Tunu aligeuka akamkuta Msemaji Mkuu ameketi juu ya boksi la maboya, magoti kifuani, nyayo zote mbili zikiwa hewani.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Miguu imekufa ganzi," alisema Zuberi, na hakuishusha mpaka walipofika.